Kompyuta ya mwanafunzi wa udaktari Ifakara: tulivyoichagua

Muuzaji wa kompyuta mpakato Kariakoo huanza na "Core i5", na mara nyingi huishia hapo hapo. Mpwa wangu alipopata nafasi ya kusomea udaktari katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Mtakatifu Fransisko, Ifakara, tulikubaliana kwamba suala la prosesa lisubiri. Udaktari ni miaka mitano, ukiacha mwaka wa mafunzo kazini baada ya kuhitimu. Mashine itakayofika naye huko mwisho itapita kwenye joto na unyevu wa bonde la Kilombero, vumbi la kiangazi na umeme unaokatika. Kwa hiyo tuliuliza kwanza: itafanya kazi gani?

Kazi zenyewe zilijulikana haraka. Kusoma vitabu vya PDF, kuandika ripoti, kukariri kwa Anki, kutazama video za upasuaji, na baadaye takwimu za utafiti. Hilo la takwimu lina uzito wa pekee Ifakara. Mji huu umekuwa kituo cha utafiti wa magonjwa ya kitropiki tangu Rudolf Geigy kutoka Basel alipofungua maabara ndogo miaka ya 1950, maabara iliyokua ikawa Taasisi ya Afya Ifakara. Mwanafunzi mwenye hamu ya malaria au mbu ana mahali pa kujifunzia karibu na hosteli yake.

Tulipopanga programu dhidi ya mifumo endeshi, wasiwasi mwingi uliisha. R, programu ya takwimu, ni ya bure na inakwenda kwenye Windows, Linux na Mac. Stata inakwenda kote, Zotero ya kupangia marejeo inakwenda kote, Anki pia. DHIS2, ambayo hospitali zetu hutumia kwa takwimu za MTUHA, hufunguliwa kwenye kivinjari, haijali mfumo gani uko chini yake. Zilizobaki zinadai zaidi. Epi Info 7 ni ya Windows. EndNote ni ya Windows na Mac. Safe Exam Browser, programu inayofunga kompyuta wakati wa mtihani wa mtandaoni, haina toleo la Linux. Mwanafunzi hawezi kujua mwalimu gani ataidai ipi katika miaka mitano, na siku ya mtihani si siku ya kubishana kuhusu mfumo endeshi. Windows ikapata nafasi yake kwa sababu hiyo tu.

Mac hatukukaa nayo muda mrefu. Betri za MacBook Air za chipu ya M1 ni nzuri mno, lakini memori na diski vimeunganishwa kwenye ubao wenyewe, na kikiharibika kimoja fundi wa mjini hana la kubadilisha.

Hapo ndipo prosesa ilipopata maana. Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11, kwa masharti yake rasmi, inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha 8 au zaidi. Zipo njia za kuilazimisha kwenye mashine ya zamani, lakini Microsoft haiahidi kwamba mashine hiyo itaendelea kupata masasisho, na mimi siwezi kumkabidhi mtoto kitu cha namna hiyo kwa miaka mitano. Kizazi husomwa kwenye namba inayofuata i5: i5-7300U ni cha 7, i5-8250U ni cha 8. Stika ya nje haitoshi kuthibitisha hilo, kwa hiyo mashine iwashwe na namba isomwe. Tofauti ya hizo mbili haiishii kwenye ruhusa ya Windows 11, maana ya kwanza ina viini viwili na ya pili ina vinne. Mtu asiyesoma namba anaweza kulipa bei moja kwa nusu ya mashine.

Tulichagua ThinkPad T480 iliyotumika, toleo la mwaka 2018, iliyokuwa mali ya ofisi fulani Ulaya. Mashine mpya ya bei ileile ingekuwa na bodi ya plastiki nyepesi, memori ya GB 4 isiyoongezeka na prosesa dhaifu. Hii ina nafasi mbili za RAM. Tuliifikisha GB 16 kwa kuongeza kipande kimoja. Kibodi inabadilishwa, feni inafunguliwa na kupulizwa vumbi. Ila mifano ya miaka hiyo ilikuwa na kasoro ya tundu la USB-C, na Lenovo, watengenezaji wake, walitoa programu ya kuirekebisha. Anayenunua ahakikishe imewekwa, na ajaribu chaji kwenye tundu hilo kabla ya kulipa.

Kilichonivutia zaidi ni betri. Eneo la Kilombero limebeba vituo vikubwa vya umeme wa maji, Kidatu chenye megawati 204 na Kihansi chenye 180, lakini umeme huo huingia gridi ya taifa na kumrudia mwananchi kwa nyaya ndefu zinazopigwa na dhoruba za masika. T480 ina betri mbili, ya ndani ya wati-saa 24 na ya nje ambayo kwa kawaida ni ya 24 au 48, na hiyo ya nje hubadilishwa bila kuzima mashine. Kusoma na kuandika kwa mwanga mdogo wa kioo hula takriban wati 8. Betri mpya za 24 na 48 zingetoa saa 9. Zikiwa zimebaki na uwezo wa asilimia 70, ni saa 6 na zaidi kidogo. Uwezo huo haukisiwi. Ndani ya Windows andika powercfg /batteryreport, nayo itakuonyesha uwezo wa kiwandani na uliobaki. Muuzaji anayekataa uandike amri hiyo, mwache.

Joto ndilo linaloua betri za lithiamu, hasa zikikaa zimejaa kabisa. ThinkPad inaruhusu kuweka kikomo cha chaji. Tuliweka asilimia 80 kwa siku za kawaida, na mpwa wangu anaondoa kikomo anapokwenda mafunzo ya vijijini ng'ambo ya mto Kilombero, upande wa Lupiro na Mahenge.

Mashine za ofisi zina mtego mwingine. Nyingine zimefungwa nenosiri la BIOS, na nyingine bado zimesajiliwa kwa kampuni ya kwanza: ukiweka Windows upya na kuunganisha intaneti, inadai barua pepe ya kampuni hiyo. Kwa hiyo Windows isafishwe na kuwekwa upya dukani, intaneti ikiwa imewashwa, mbele ya mnunuzi.

Linux tuliiweka kama mfumo wa pili, Linux Mint 22, ambayo itahudumiwa hadi mwaka 2029. Sababu kubwa ni flashi zinazozunguka kati ya hosteli na steshenari. Virusi vinavyoficha mafaili na kuacha vijia vya mkato vimeandikwa kwa Windows, na kwenye Mint flashi hufunguliwa na kusafishwa bila kuambukiza. Bando pia linapona, kwa kuwa Mint haisasishi mpaka mwenyewe akubali. Hasara yake niliieleza wazi: jedwali la Word linaweza kuhama likifunguliwa na LibreOffice, hivyo kazi ya kukabidhi ipelekwe kwa PDF.

Nchi yetu haikuanza jana kwenye programu huria. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na kampuni ya IT+46 ya Uswidi, ulitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili mwezi Desemba 2004. Naiheshimu sana kazi ile. Lakini mwanafunzi aliyekwama usiku wa kuamkia mtihani anahitaji mwenzake wa chumba cha pili anayeujua mfumo wake, na kwenye korido nyingi mwenzake huyo anajua Windows. Ndiyo maana sikumpa Linux peke yake.

Mwisho tulisimba diski yote. Mashine za ofisi kwa kawaida huja na leseni ya Windows Pro, yenye BitLocker. Upande wa Mint tulisimba kwa LUKS wakati wa kuuweka. Ufunguo wa dharura wa BitLocker tuliuandika kwenye karatasi iliyobaki nyumbani, kwa sababu mifumo miwili kwenye mashine moja huweza kuufanya uulizwe ghafla. Kuanzia atakapoingia wodini, mashine hii inaweza kubeba maelezo ya wagonjwa, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Ikiibwa kwenye basi la Morogoro, mwizi atapata chuma na kioo, asipate jina la mama aliyejifungua Ifakara.