Wekundu wa Barnett Newman

Jamani, ule wekundu! Nimeuona kwa macho yangu mchoro wa Barnett Newman uitwao Vir Heroicus Sublimis, katika jumba la sanaa la MoMA jijini New York, na hadi sasa sijatulia. Turubai moja, upana sentimita 541, kimo 242, lote jekundu pyu, limepitiwa na mistari mitano myembamba iliyosimama wima kutoka juu hadi chini. Basi! Hakuna mtu, hakuna mti, hakuna nyumba, na wala huvikumbuki.

Picha za simuni zinadanganya, nawaambieni. Kwenye simu unaona kibao chekundu tu, unapitisha kidole, unaendelea na mambo yako. Mbele ya mchoro wenyewe huna pa kukimbilia. Newman alilijua hilo: katika maonyesho ya mwaka 1951 kwenye ukumbi wa Betty Parsons, hukohuko New York, aliweka tangazo akiwaomba watazamaji wasirudi nyuma, kama watu wanavyofanya wakiona michoro mikubwa, bali wasogee. Nami nikasogea, kadiri mlinzi alivyonivumilia. Loo! Kingo zikapotea kushoto na kulia, wekundu ukanijaa machoni, na baada ya muda ukaanza kucheza: hapa unachemka, pale unapoa.

Mambo yote yako kwenye ile mistari. Mmoja, upande wa kushoto, ni mweupe pee. Huo unakuvaa kabla hujaiona mingine. Mwingine ni wa damu ya mzee, ukiutazama harakaharaka utadhani turubai limepasuka. Nikajaribu kitu: nikafumba jicho moja, nikanyoosha kidole hewani kuuziba ule mweupe. Wekundu wote ukalala! Nikashusha kidole, ukaamka. Rangi ileile, ila sasa ina jirani wa kushindana naye. Yeyote anayesema hapa hakuna kazi, na afanye hivyo hivyo kwanza, ndipo tuzungumze.

Na mtu hakurupuki tu akachora hivi. Tarehe 29 Januari 1948, siku aliyotimiza miaka 43, Newman alibandika utepe wa gundi katikati ya turubai dogo la rangi nyekundu iliyofifia kuelekea kahawia, akapaka nyekundu kali juu ya utepe huo kama majaribio, kisha akaacha. Akakaa miezi kadhaa akikitazama alichokifanya. Miezi, kwa mstari mmoja! Mchoro huo, Onement I, nao ni mali ya MoMA. Kimo chake hakizidi sentimita 70, na utepe ule haukuwahi kubanduliwa.

Lalamiko langu ni moja tu: jina. Kilatini cha kumsifu mwanadamu kuwa shujaa na adhimu kina kishindo ambacho mchoro huu haukihitaji. Angeuita namba fulani tu, ungetutetemesha vilevile.

Ukifika New York, nenda Mtaa wa 53, na tafadhali simu ibaki mfukoni. Simama karibu, ziba mstari mweupe kwa kidole, kisha uachie. Kwangu mimi ni kumi kwa kumi, na jina lake lile lile.