Picha Mbili Zilizowekwa Pamoja

Miaka kadhaa iliyopita usharika niliokuwa nikiutumikia, katika eneo la wachimbaji wadogo mkoani Geita, ulichapisha kijitabu cha shuhuda. Mimi niliandika habari ya kijana aliyefariki duara lilipoporomoka. Nilitaka msomaji aone kwa macho yake, si aambiwe tu. Nikaeleza jinsi jeneza lilivyoshushwa kaburini, mama wa marehemu akiwa ameshikiliwa na wanawake wawili. Kisha, bila neno lolote katikati, nikampeleka msomaji kwenye karasha, mwenye duara akihesabu fedha. Nikaishia hapo. Nilijiona nimeandika vizuri.

Wiki chache baadaye mama mzazi wa mwenye duara, mshiriki wetu, alikuja nyumbani. Nilimwamkia, akaitikia, akakaa, akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Baba Mchungaji, umeandika kwamba mwanangu ameua mtu?"

"Hapana mama, sijaandika hivyo."

"Mbona kila aliyesoma ameona hivyo?"

Sikuwa na jibu. Kila sentensi niliyoandika ilikuwa ya kweli. Mazishi yalikuwepo, na fedha zilihesabiwa. Lakini zilihesabiwa mwezi mmoja kabla ya ajali. Ni mimi niliyeuchukua mwezi ule na kuubandika kando ya kaburi.

Mbinu hiyo nimeitoa kwenye filamu. Kijana anayeshinda kwenye banda la video machimboni anaifahamu hata kama hajui jina lake: unaonyeshwa uso wa mtu, kisha kitu kingine, na moyo wako unaviunganisha. Karibu miaka 100 iliyopita Lev Kuleshov, mtengenezaji wa filamu wa Urusi, alilijaribu jambo hili. Alichukua picha ya uso wa mwigizaji mmoja, uso usiobadilika, akaiunganisha na bakuli la supu, kisha na jeneza. Watazamaji waliona njaa, kisha wakaona huzuni, katika uso ule ule. Mwigizaji hakuwa amebadilisha chochote. Maana ilizaliwa pale picha mbili zilipowekwa pamoja.

Mfano mkubwa wa jambo hili tunao karibu, ng'ambo ya maji kutoka Geita. Ni filamu ya Darwin's Nightmare, ambayo Hubert Sauper wa Austria aliipiga Mwanza na kuitoa mwaka 2004. Inahusu minofu ya sangara inayosafirishwa kwa ndege kwenda Ulaya, na umaskini unaobaki ufukweni. Mwaka 2006 iliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar, na mwaka huo huo Rais Jakaya Kikwete aliilaumu hadharani kwamba inaichafua nchi. Wengi tuliingia katika ubishi huo bila kuiona.

Nimeitazama, na naona ina nguvu na ina udhaifu. Nguvu yake iko kwa mlinzi wa usiku mwenye upinde, anayeeleza kwamba aliipata kazi ile kwa sababu aliyemtangulia aliuawa. Kamera inatulia usoni pake na kumwacha aseme mwenyewe. Hapo filamu inashuhudia. Udhaifu wake uko kwenye ndege. Zinatua, zinaondoka na samaki, na swali linarudi tena na tena: huwa zinaleta nini? Rubani mmoja anasimulia safari yake ya kupeleka silaha Angola. Lakini hatuonyeshwi silaha zikishushwa Mwanza. Hata hivyo mtazamaji anaondoka akiamini kwamba ameziona. Vivyo hivyo na mapanki yanayoanikwa katikati ya funza: mtu wa mbali anaweza kudhani watu wa ziwa hawana chakula kingine, kana kwamba hakuna sato wala dagaa.

Sisemi kwamba umaskini ule ni wa uongo. Ni wa kweli, na aliyeuonyesha amefanya zaidi ya sisi tuliokuwa tukiupita njiani. Ndiyo maana nasikitika. Jambo la kweli lilishonwa kwa uzi dhaifu, na waliotaka kulikana wakapata pa kuvutia uzi.

Je, tuziache mbinu hizi? Hapana. Marko alizitumia kabla ya kamera kuwepo. Yesu yuko njiani kwenda kwa binti wa Yairo, na habari inakatwa katikati: mwanamke aliyetokwa damu miaka 12 anagusa vazi lake, kisha tunarudi kwa binti, naye ana miaka 12. Msomaji anashika pumzi kama Yairo mwenyewe. Lakini mambo yale mawili yalikutana kweli, siku moja, njia moja. Marko hakuyakutanisha yeye. Hicho ndicho kipimo ninachokipendekeza kwa yeyote anayeandika ushuhuda: mambo haya yalikutana, au nimeyakutanisha mimi?

Kipimo hicho kinahusu hata giza. Mwaka 2015 huko Nyangarata, wilayani Kahama, wachimbaji sita walifukiwa. Mmoja alifia chini. Watano walitolewa hai baada ya siku 41. Mwandishi atatamani kuingia mle shimoni na kutuonyesha ndoto zao. Lakini Luka anatuambia mwanzoni kabisa kwamba alichunguza yaliyopokewa kutoka kwa walioona. Waliotoka shimoni wana vinywa. Tuwaulize, na wasipotaka kusema, tunyamaze nao.

Katekisimo Ndogo inatufundisha kwamba amri ya nane haikomi kwenye kutosema uongo. Inatutaka tumtetee jirani na kuyapokea mambo yake kwa wema. Basi nilikwenda kwa mwenye duara, jambo ambalo nilipaswa kulifanya kabla ya kuandika. Hakujitetea. Alisema matimba ya kushikilia kuta yalikuwa yamechakaa, na alijua. Alikuwa amepanga kununua mapya siku ile alipohesabu fedha, akaahirisha.

Siku ile naikumbuka, kwa maana nilikuwepo. Nilikwenda kuomba mchango wa bati la kanisa, na niliondoka na bahasha. Katika maandishi yangu ya kwanza nilimwonyesha yeye na fedha, nikajikata mimi kwenye picha.

Nimeiandika upya habari ile, naye akakubali. Sasa ina matimba, bahasha na bati linalotufunika kila Jumapili. Hayo yalikutana kweli. Kabla ya kuchapa niliwapelekea mama wa marehemu na mama wa mwenye duara, na kila mmoja alisomewa nyumbani kwake, mpaka mwisho.