Butura ya Besiboli

Aprili 2019 nilikuwa nimejibanza barazani pa duka moja hapa Kayanga, mvua ikipiga mabati, nikisoma habari kwenye simu na kucheka peke yangu. Mzee niliyekaa naye benchi akataka kujua kinachonichekesha. Nikamweleza: kuna kijana wa miaka 22, anacheza mchezo wa Wamarekani wa kupiga mpira kwa gongo (la mti, mzee, si lile la chupani), ameweka saini ya miaka 7 kwa dola milioni 35, na wajuzi wa mchezo wanapiga kelele kwamba amepunjwa. Mzee alisikiliza, akatazama mvua, kisha akasema: "Mwanangu, huyo ameuza butura."

Tangu siku hiyo sijapata neno jingine linaloueleza vizuri mfumo wa mishahara ya besiboli.

Kwa msomaji asiye wa Kagera: butura ni kuuza kahawa ingali mtini, mara nyingi ikiwa bado ua, kwa mtu mwenye fedha mkononi. Ada ya shule inadaiwa Januari. Msimu wa kahawa hufunguliwa karibu na Mei. Butura inaishi katika miezi hiyo ya katikati. Ni marufuku, Kassim Majaliwa aliikemea hadharani alipokuwa Waziri Mkuu, na kahawa ya Karagwe na Kyerwa inatakiwa ipitie vyama vya msingi na chama kikuu cha ushirika, KDCU. Lakini ada haingoji mnada. Mkulima anapokea robo au nusu ya bei, na kahawa ikiiva inakuwa ya mwingine.

Kijana yule anaitwa Ozzie Albies, mzaliwa wa Curaçao, mchezaji wa Atlanta Braves. Ili tujue kama kweli alipunjwa, lazima tujue kwanza ua lake lilikuwa na kilo ngapi ndani.

Hapo ndipo besiboli inapoipita michezo yote kwa urahisi wa kupima. Kandanda ni mto: mpira unapita, watu 22 wanasukumana, na bao likifungwa huwezi kusema kwa hakika kiungo aliyekimbia bila mpira alichangia asilimia ngapi. Besiboli ni ngazi. Mrushaji anarusha, mpigaji anapiga au anakosa, mchezo unasimama, unaandikwa, unaanza tena. Kila tukio lina mwanzo na mwisho, na kumbukumbu zake zimetunzwa kwa zaidi ya miaka 100. Kwa hiyo watu wa hesabu walichukua maelfu ya mechi wakauliza: mpigaji akifanya jambo fulani, timu yake kwa kawaida inaongeza alama ngapi? Pigo la kuuvusha mpira nje ya uwanja likatoka na thamani ya kama alama 1.4. Pigo la kumfikisha kituo cha kwanza, karibu nusu alama. Kutembea bure hadi kituo cha kwanza, kwa sababu mrushaji amekosea mara nne, kama alama 0.3. Jumlisha za msimu mzima, ongeza alama alizookoa akiwa anadaka na kulinda, kisha gawanya kwa 10, maana katika mchezo huu kila alama 10 za ziada huleta takriban ushindi mmoja wa ziada.

Bado kuna swali: ziada juu ya nani? Si juu ya sifuri, kwa sababu nafasi haikai wazi. Ukimwondoa nyota unamweka mtu, na mtu huyo yuko tayari ligi za chini, anasubiri simu, analipwa kima cha chini. Mwite mchezaji wa kuokota. Inakadiriwa kuwa timu nzima ya wachezaji wa kuokota ingeshinda mechi kama 48 kati ya 162 za msimu. Thamani ya nyota, basi, ni ushindi anaouongeza juu ya huyo wa kuokota. Anayeongeza 2 ni mchezaji wa kawaida anayestahili namba. Anayeongeza 5 ni nyota. Anayefika 8 au zaidi utamkuta kwenye mazungumzo ya mchezaji bora wa mwaka. Kipimo hiki kina ubishi wake, hasa kwenye kulinda, lakini kama mizani ya ghalani, hata ikikosea kidogo inakutoa mbali na kukadiria kwa macho.

Sasa bei. Ukitazama wachezaji walio huru kuuza kazi yao kwa timu yoyote, katika miaka ya karibuni timu zimekuwa zikinunua ushindi mmoja wa ziada kwa kama dola milioni 8, au zaidi kidogo. Hiyo ni kama shilingi bilioni 20 kwa ushindi mmoja, na msimu una mechi 162. Tuendelee.

Huo uhuru, hata hivyo, mchezaji haupati anapotaka. Miaka mitatu ya kwanza ya ligi kuu timu yake humlipa inavyoona, na inavyoona ni karibu na kima cha chini, ambacho mwaka 2025 kilikuwa dola 760,000. Miaka mitatu inayofuata anaweza kwenda kwa msuluhishi na kudai zaidi, akilinganishwa na wenzake wa daraja lake. Mpaka imalizike miaka sita ndipo anapoingia sokoni. Wengi wakati huo wamekaribia 30, na mwili wa mchezaji wa besiboli kwa kawaida huwa katika ubora wake kati ya miaka 25 na 29. Anaruhusiwa kuuza mavuno pale mti unapoanza kuchoka.

Tazama jinsi hali hiyo ilivyoonekana mwaka 2012 katika timu moja, Los Angeles Angels. Albert Pujols alikuwa ametoka kusaini miaka 10 kwa dola milioni 240. Katika uwanja uleule alikuwapo kijana wa miaka 20, Mike Trout, aliyelipwa chini ya dola 500,000. Trout aliongeza ushindi kama 10 mwaka huo. Kwa bei ya soko ya leo hiyo ni kazi ya dola milioni 80. Mwaka uliofuata Angels walimpandishia mshahara: wakampa 510,000. Pujols naye alizidi kushuka. Mwaka 2017 alilipwa dola milioni 26, na vipimo vilimweka chini ya sifuri, maana yake mchezaji wa kuokota angefanya vizuri kuliko yeye. Mei 2021 timu ilimwachia kabla mkataba haujaisha.

Mashabiki walimcheka Pujols. Mimi sikucheka. Mtu huyuhuyu, mwaka 2001, alianza kuichezea St. Louis Cardinals kwa dola 200,000, akawa mchezaji mpya bora wa ligi yake, na kwa miaka 11 akawa mpigaji wa kuogofya kuliko wote. St. Louis walikula mavuno, Angels wakaletewa bili. Ukiujumlisha uchezaji wake wote, huenda mizani inakaribia kuwa sawa. Ukiukata mwaka mmoja mmoja, kila mwaka una mtu aliyepunjwa. Ndiyo maana orodha za "nani analipwa kuliko thamani yake" zinazochapishwa kila msimu hunichosha: zinapima kikombe cha leo kwa bei ya mti uliopandwa jana.

Utaratibu huu una historia, na ndani yake kuna kisa ambacho mkulima yeyote wa kahawa atakielewa haraka kuliko mwanasheria. Zamani hapakuwa na miaka sita wala kumi: mchezaji alikuwa mali ya timu mpaka astaafu. Mchezaji Curt Flood aligoma kuhamishwa mwaka 1969, akafika Mahakama ya Juu ya Marekani, akashindwa 1972. Miaka miwili baadaye mchumi Gerald Scully alichapisha hesabu zilizoonyesha kuwa nyota walilipwa sehemu ndogo tu ya mapato waliyoziletea timu zao. Desemba 1975 msuluhishi Peter Seitz akaamua kuwa pingu ile ya mkataba hudumu mwaka mmoja tu. Wenye timu wakapagawa, isipokuwa Charlie Finley wa Oakland, aliyewaambia wenzake: waacheni wote wawe huru, kila mwaka. Hawakumsikiliza. Na aliyeshusha pumzi ni Marvin Miller, kiongozi wa chama cha wachezaji, kwa sababu alijua kuwa mzigo wote ukimwagwa sokoni siku moja bei inaanguka. Akakubali masharti ya miaka sita. Wachache wakiingia mnadani kila mwaka, wanagombewa.

Kwa hiyo chama cha wachezaji chenyewe kilisaidia kujenga ukuta unaowabana vijana, na wakongwe wakavuna juu yake. Chini ya mapatano ya 2022, yaliyokuja baada ya wenye timu kufunga milango kwa siku 99, kuna mfuko wa dola milioni 50 kwa mwaka wa kuwagawia vijana wanaofanya makubwa kabla ya kufikia msuluhishi. Gawanya kwa timu 30 uone inabaki nini.

Turudi kwa Albies. Mwezi uleule wa Aprili 2019 mwenzake wa Atlanta, Ronald Acuña Jr., mwenye miaka 21, alisaini miaka 8 kwa dola milioni 100. Alipochukuliwa Venezuela mwaka 2014 alikuwa amelipwa 100,000. Mwaka 2023 alipiga mipira 41 nje ya uwanja, akaiba vituo 73, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya, na akawa mchezaji bora wa ligi yake kwa kura zote. Aliongeza ushindi kama 8, yaani kazi ya dola milioni 64 au zaidi. Alilipwa 17. Albies mwaka huohuo alipiga 33 nje kwa mshahara wa milioni 7.

Ni butura, basi? Ngoja kidogo. Acuña alichanika goti Julai 2021, na Mei 2024 akachanika la upande wa pili. Laiti lile la kwanza lingekuja kabla ya saini, angekuwa na nini mkononi? Mkulima wetu pia anajua kuwa ua linaweza kupukutika, mnyauko ukaingia shambani, bei ikashuka. Anayeuza mapema anauza na wasiwasi wake, na mnunuzi anaununua pamoja na kahawa. Ubishi ni juu ya bei ya huo wasiwasi. Mwenye kuweza kungoja huuza ghali. Juan Soto alikataa dola milioni 440 za Washington Nationals mwaka 2022, watu wakamwona amechanganyikiwa. Desemba 2024 New York Mets wakampa milioni 765 kwa miaka 15. Lakini Soto wakati anakataa alikuwa tayari anapokea milioni 17 kwa mwaka. Ada ya Januari ilishalipwa.

Hata kwetu tumewahi kuionja hesabu hii, japo kandanda haina mizani ya kuipima. Desemba 2022 Feisal Salum aliiwekea Yanga shilingi milioni 112, yaani milioni 100 za kuvunja mkataba na milioni 12 za mishahara ya miezi mitatu, na nchi nzima ikajua kwa mara ya kwanza kuwa kiungo yule alilipwa milioni 4 kwa mwezi. TFF ikasema bado ni wa Yanga; katikati ya 2023 akauzwa Azam. Tulibishana vijiweni miezi sita kama milioni 4 zilikuwa haki yake, na hakuna aliyekuwa na namba hata moja ya kuonyesha anaiongezea Yanga pointi ngapi.

Na msidhani besiboli yenyewe iko mbali. Vuka Mto Kagera pale Murongo, upo Uganda, ambako timu ya watoto wa Lugazi ilifika mashindano ya dunia ya vijana huko Williamsport, Marekani, mwaka 2012, ya kwanza kutoka Afrika. Mwaka 2022 Los Angeles Dodgers waliwasaini Waganda wawili, Ben Serunkuma na Umar Male. Baadaye Pittsburgh Pirates wakamchukua David Matoma, mrushaji wa mpira wa kasi. Hawa walianzia kwenye ligi za chini, mahali ambapo kijana ni ua tupu.

Na huko ndiko kuna butura isiyohitaji mfano. Kampuni iitwayo Big League Advance huwapa wachezaji wa ligi za chini fedha taslimu, na wao huahidi asilimia ya mishahara yao yote ya ligi kuu. Asiyefika ligi kuu hadaiwi. Fernando Tatis Jr. wa Jamhuri ya Dominika alisaini akiwa kijana wa miaka 18, mwaka 2017: dola milioni 2 kwa asilimia 10. Mwaka 2021 San Diego Padres walimpa mkataba wa miaka 14 wa dola milioni 340. Asilimia 10 ya hizo ni milioni 34. Juni 2025 Tatis alifungua kesi California akisema mpango ule ulikuwa wa kumnyonya na ni mkopo uliofichwa.

Majuzi nilimsimulia mzee wangu wa barazani kisa hicho. Alirudia zile namba polepole, mbili, thelathini na nne, kisha akauliza swali ambalo wanasheria hawajaliuliza: "Na huyo mwenye fedha alijuaje kuwa ua hilo litashika?"

Nikamwambia hakujua. Aliwasaini vijana kwa mamia.

"Ahaa," mzee akasema, akivuta koti. "Kumbe alinunua shamba zima."