Kilatini Kinywani mwa Waimbaji Wetu

Sikukuu zikifika, kwaya kadha wa kadha za Bukavu huimba tena Misa ya Kilatini, hasa ile iitwayo Misa ya Malaika, nasi twafurahi kuisikia. Mtaguso Mkuu wa Vatikano, katika hati yake juu ya Liturujia ya mwaka 1963, uliruhusu lugha za kwetu, lakini ulitaka pia waamini wajue kusali na kuimba kwa Kilatini sehemu za Misa ziwahusuzo. Sauti ni nzuri, wasomaji wapenzi. Matamshi ndiyo yanayotusumbua.

Kosa kubwa ni kuiga Kifaransa. Kijana aliyesoma huona haya kusema "pachem", husema "pasem". Na "cheli" kwake ni "seli". Hudhani ndiyo alama ya elimu. Kumbe Wafaransa wenyewe walikwisha kuambiwa: mwaka 1912 Papa Pio X alimwandikia Askofu Mkuu Dubois wa Bourges, akifurahi kwamba matamshi ya Kiroma yanaenea katika majimbo ya Ufaransa. Mbona sisi tushike walichofundishwa wao kukiacha?

Tena Mswahili hana haja ya kuhangaika. Irabu zake tano zafanana sana na zile za Roma. Pacem ina ch ya chakula, Regina ina j ya jina, Agnus ina ny ya nyumba: "anyus". In excelsis, neno linalowatoa wengi jasho, lina sh ya shamba: "ekshelsis". Gratia tu ndiyo yataka mazoezi kidogo, maana ni "gratsia".

Penye hatari ya kweli ni mkazo. Kiswahili huweka uzito kwenye silabi ya pili toka mwisho, na waimbaji wetu hupeleka desturi hiyo kila mahali: "do-MI-nus", "spi-RI-tus". Sivyo. Uzito uko mwanzoni: DO-minus, SPI-ritus, FI-lius. Wengine huongeza irabu mwishoni, "sanktusi", au hubadili l kuwa r, ndipo tukapata "Groria". Na Kyrie eleison, ambayo si Kilatini bali ni Kigiriki, ina silabi saba: Ki-ri-e e-le-i-son. Wengi humeza e moja. Si dhambi, ila neno limepungua. Amina na Aleluya zilitoka kwa Waebrania, lakini zimekwisha kuwa watoto wa nyumbani. Asitokee mtu wa kuzisahihisha.

Sasa tuseme jambo lililotufanya tushike kalamu. Wako viongozi wa kwaya ambao, wakiisha kujifunza haya, huyageuza kuwa fimbo. Tulimsikia mmoja akimwiga mama mzee mbele ya watu, kwa kuwa alisema "Anyusi Dei". Watu wakacheka. Jumapili iliyofuata mama yule alikuja, akakaa mahali pake pa siku zote, wala hakufungua kinywa. Alikuwa amejifunza kwa masikio tu, zamani, toka kwa Mapadri Weupe, kabla hajajua kusoma herufi moja. Na tukipima kwa haki, "Anyusi" yake iko karibu na Roma kuliko "Ag-nus" ya yule aliyemcheka, aliyeigonga g kana kwamba anavunja kuni. Irabu moja ya ziada mwishoni ndiyo iliyomnyamazisha mkristu katika sala yake.

Kwa hiyo twaomba kazi hii ifanyike kwenye mazoezi ya kwaya, si kanisani, na ianze na maana. Kiongozi awaeleze kwanza kwamba wanamwita Mwanakondoo wa Mungu na kumwomba amani. Kisha wote wasome maneno mara mbili tatu bila wimbo, polepole, wakipiga kofi dogo penye mkazo. Ndipo noti zifuate. Na wale kina mama wa viti vya nyuma waalikwe nao waje kuketi karibu, maana wengi wao wanaijua Misa ya Malaika yote kwa moyo, na kijana mwenye karatasi mkononi bado huipoteza katikati ya Credo.