Ngozi ya Kioo ni ya Nani?

Katika mitandao ya kijamii, ngozi inayosifiwa na warembo wa Kikorea huitwa "ngozi ya kioo": laini, yenye unyevu, inayong'aa bila doa. Sipingi mafunzo yao. Kunawa uso vizuri na kujikinga na jua kunamfaa kila mtu. Ninachokosoa ni kwamba kioo hicho kina rangi yake. Korea Kusini, vipodozi vya kung'arisha ngozi vina kundi lao kisheria, na fandesheni nyingi zilitengenezwa kwa rangi chache tu, za ngozi nyeupe.

Mwaka 2024, Mmarekani mweusi anayejulikana YouTube kama Miss Darcei alijipaka fandesheni ya TIRTIR mbele ya watazamaji wake, wakaona jinsi isivyomfaa. Baadaye kampuni iliongeza rangi hadi zikafika 30. Wengi waliisifu kampuni. Mimi namsifu mteja. Rangi hizo zingeweza kuwapo tangu mwanzo. Kilichokosekana ni kutukumbuka.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kabla ya kushangilia video nyingine, tujiulize: je, sura yangu imo katika kioo hiki?