Mdundo Umebaki, Mtetemo Umeondoka

Kuwasha Royal Enfield Bullet ya silinda ya chuma cha kusubu kulikuwa na utaratibu wake, na asiyeujua aliishia kurushwa na kiki au kutoka jasho bure. Dereva alifungua swichi, akakazia macho amita ndogo iliyopachikwa karibu na taa, akaanza kusukuma kiki polepole kwa unyayo. Pointi za kukatia umeme wa cheche zikiwa zimegusana, koili hunyonya umeme na mshale wa amita huegemea upande wa kutoa. Zikiachana, mshale hurudi katikati. Mshale ukirudi, dereva alijua pistoni imekaribia kilele cha mgandamizo. Hapo alibana kikono kidogo kinachoinua valvu ya moshi, akaisogeza kiki kidogo tu ili pistoni ivuke kilele, akaachia kikono, akairudisha kiki juu, ndipo akaikanyaga kwa uzito wake wote. Injini iliyorekebishwa vizuri iliwaka kwa mkanyago mmoja. Classic 350 ya leo, yenye tangi la mviringo lile lile na madigadi mapana yale yale, huwaka kwa kubonyeza kitufe, na haina kiki kabisa. Wengi husema kwamba watengenezaji wamemwondolea mwenye pikipiki kazi. Mimi naona kazi ile imehama. Sehemu moja imekwenda kiwandani, nyingine imetoka ndani ya injini ikahamia nje, kwenye cheni, spoku na betri, na mwenye pikipiki asiyejua ilikohamia ndiye anayekuja kulalamika kwamba za siku hizi hazidumu.

Tuanze na kazi yenyewe ilivyokuwa. Jina la Bullet lilitoka Uingereza mwaka 1932. Mwaka 1955 ikaundwa Enfield India mjini Madras, leo Chennai, hasa kwa sababu jeshi la India lilihitaji pikipiki za doria mipakani. Kiwanda mama cha Redditch kikafa, cha Madras kikaendelea kuunda karibu injini ile ile kwa miongo kadhaa: kipenyo cha silinda milimita 70, safari ya pistoni milimita 90, jumla sentimita za ujazo 346. Injini na gia boksi vilikaa kila kimoja kwenye nyumba yake, vikiunganishwa na cheni ya kwanza ndani ya kifuniko ambacho kuvuja oili kwake hakukumshangaza mtu. Kurekebisha valvu hakukuhitaji hata geji. Fundi aliisubiri injini ipoe, akaizungusha hadi pistoni iwe juu kwenye mgandamizo, akafungua kifuniko kidogo ubavuni, akakishika kijiti kinachosukuma valvu kwa vidole viwili. Kijiti kilipaswa kuzunguka kwa vidole bila kukwama, na bila kuchezacheza kwenda juu na chini hata kidogo. Kikiwa kigumu, valvu haifungi vizuri na mwishowe huungua. Kikilegea, injini hupiga kelele kama cherehani kuukuu. Baada ya hapo kulikuwa na kusafisha pointi, kupima mwanya wake, kufungua kabureta, na kupitia boliti moja moja kwa spana, maana mtetemo ulizilegeza zote, za injini na za kibao cha namba.

Kazi hiyo ilianza kupunguzwa mwishoni mwa miaka ya 2000, ilipokuja injini yenye gia boksi ndani ya nyumba moja na vikombe vya valvu vinavyojirekebisha vyenyewe kwa shinikizo la oili. Mageuzi makubwa yakaja mwaka 2020 kwa injini mpya ya pikipiki ya Meteor 350, na mwaka uliofuata injini hiyo ikaingia kwenye Classic 350. Kazi ya usanifu waligawana wahandisi wa Chennai na wenzao wa kituo cha Bruntingthorpe, Uingereza. Kabla ya kutazama walichobadilisha, tazama walichokataa kubadilisha. Silinda mpya ina kipenyo cha milimita 72 na safari ya milimita 85.8, maana yake pistoni bado husafiri umbali mrefu kuliko upana wake. Linganisha na Honda CG125, mama wa pikipiki nyingi za Kichina zinazobeba abiria katika miji yetu: kipenyo 56.5, safari 49.5. Hiyo hupenda kuzunguka haraka, na Enfield hupenda kuvuta polepole. Takwimu za kiwandani zinasema nguvu za farasi 20.2 kwenye mizunguko 6,100 kwa dakika, na msokoto wa nyutoni mita 27 kwenye mizunguko 4,000. Namba ya kwanza ndiyo inayochekwa vijiweni. Lakini chukua ile ya pili ufanye hesabu: msokoto wa 27 kwenye mizunguko 4,000 ni kama kilowati 11.3, yaani nguvu za farasi 15 na ushee. Robo tatu ya uwezo wote wa injini ipo mkononi mwa dereva wakati theluthi nzima ya mizunguko haijaguswa.

Hesabu hiyo ndiyo inayoeleza namna ya kuiendesha kila siku. Anayetoka kwenye pikipiki ndogo huleta mazoea yake: anavuta mafuta hadi injini ilie, ndipo anabadili gia. Kwenye Classic 350 mazoea hayo ni hasara tupu, kwa sababu juu ya mizunguko 4,000 msokoto unaanza kupungua huku kelele ikiongezeka. Unabadili gia mapema, unaiacha ivute, na kwenye foleni unatumia gia ya pili pale ambapo mwenye 125 angeshuka hadi ya kwanza. Mapema lakini si mno: ikianza kugonga na cheni kuruka, umeikaba, na kuikaba huko huumiza klachi na cheni kuliko kuvuta mafuta. Kwenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa imetulia; ikizidi 100 inaishiwa pumzi, na uzito wa kilo 195 hauisaidii. Anayetaka kuwahi mkoani na kurudi siku hiyo hiyo amenunua chombo kisichomfaa.

Sasa twende kwenye jambo walilofanya kwa ustadi zaidi, ambalo kwa maoni yangu ndilo kiini cha pikipiki hii. Bullet ya zamani ilikuwa na vitu viwili vilivyochanganyika hadi watu wakavidhani ni kimoja: mdundo na mtetemo. Mdundo unatokana na mripuko mmoja katika kila mizunguko miwili ya injini, silinda moja, pistoni nzito, safari ndefu. Mtetemo ni kitu kingine. Pistoni ikipanda husimama ghafla juu, ikishuka husimama tena chini, na kila ikisimama huipiga fremu teke. Ukiweka uzito upande wa pili wa kirenki ili kuipinga, unaweza kufuta nusu ya teke hilo. Ukiongeza uzito ufute lote, teke la juu na chini linageuka kuwa la mbele na nyuma. Kwa hiyo wahandisi wa zamani walichagua tu upande wa kuumia. Injini mpya ina mhimili wa kusawazisha: fimbo yenye uzito wake, inayozunguka kwa kasi ile ile ya kirenki lakini kinyumenyume. Juu na chini, uzito wa fimbo na uzito wa kirenki vinasaidiana kuipinga pistoni. Mbele na nyuma, vinavutana na kufutana. Teke limekufa. Mdundo haukuguswa, kwa sababu mhimili huo hauna habari na mripuko. Na hapo ndipo kazi nyingi ya zamani ilipoishia: boliti hazilegei ovyo, taa hazifi kabla ya wakati, mikono haifi ganzi baada ya saa moja. Kazi ya kukaza boliti kila Jumapili haikuhitaji bidii ya mwenye chombo. Ilihitaji fimbo moja ya chuma iliyokosekana kwa miaka yote ile.

Wapo watakaosema huu ni unafiki: umbo la babu, tumbo la mjukuu. Hoja hiyo ina uzito mahali pengine. Triumph walipoiwekea pikipiki yao ya Bonneville mfumo wa kunyunyizia mafuta, waliuficha ndani ya vifaa vilivyochongwa vifanane na kabureta, na hapo mtu ana haki ya kuguna, kwa kuwa kabureta bandia haifanyi kazi yoyote isipokuwa kulidanganya jicho. Lakini safari ndefu ya pistoni si pambo. Inaamua namna unavyobadili gia, unavyopita foleni, unavyopanda kilima ukiwa na abiria. Ikiwa ukale wa pikipiki ni namna inavyokwenda, basi Classic 350 ni ya kale kwelikweli, hata kama oili imebaki ndani ya injini badala ya kuenea sakafuni. Anayeona kuvuja oili ni sehemu ya heshima ya chombo, huyo simwezi.

Pingamizi zito ni la pili: ya zamani ilitengenezeka barabarani kwa bisibisi, waya na spana mbili, na ya sasa ikizima inahitaji kompyuta. Hili si la kupuuza. Hakuna kiki, kwa hiyo betri ikifa, pikipiki imekufa. Kuisukuma kunaweza kusaidia, ila pampu ya mafuta na kompyuta ya injini nazo zinataka umeme kabla cheche haijatoka. Betri iliyokauka kabisa haitakupa hata huo. Kwenye Bullet koili ilitaka umeme kidogo tu, kazi nyingine ilikuwa ya mguu. Hata hivyo, pingamizi hili husahau mambo mawili. Kwanza, ule urahisi wa kutengeneza barabarani ulikuwa unatumika sana kwa sababu kuharibika barabarani kulikuwa kwingi: pointi zilichakaa kwa kugusana maelfu ya mara kila dakika, wakati kihisi cha leo hakigusani na kitu. Pili, wahandisi hawakuigeuza injini yote kuwa sanduku lililofungwa. Vile vikombe vya valvu vinavyojirekebisha, ambavyo injini iliyotangulia ilikuwa navyo, mpya haina. Kemshafti imepanda juu kichwani, na mwanya wa valvu unarekebishwa kwa skrubu na nati ya kuikaza, kwa geji ya kawaida, kama fundi yeyote wa bodaboda anavyofanya kila siku. Ni hatua ya kurudi nyuma kwa anayehesabu starehe tu. Kwa aliye mbali na duka la wakala, ni hatua ya mbele, kwa sharti kwamba mtu akumbuke kupima. Na hapo ndipo wengi hukosea, maana valvu iliyobana haipigi kelele. Huungua kimyakimya huku mwenyewe akisifu utulivu wa injini.

Basi kazi iliyobaki kwa mwenyewe ipo wapi? Betri nimeitaja: pikipiki inayolala wiki tatu bila kuwashwa inahitaji chaja ndogo, au angalau kuchomolewa waya wa hasi. Kroma ya madigadi na ekzosi ni ya pili, hasa Chennai kwenyewe na Mombasa au Tanga, ambako hewa ya chumvi huanza kula kwenye mikunjo na nyuma ya madigadi, mahali kitambaa kisipofika. Lakini kubwa kuliko zote ni cheni. Injini inayovuta kwa mapigo machache mazito huitesa cheni kuliko inayovuta kwa mapigo mengi mepesi, kwa kuwa kila mripuko ni mvuto, na kati ya mripuko na mripuko kuna kulegea. Cheni iliyolegea hufanya kila mpigo ufike kama nyundo. Pima cheni pikipiki ikiwa kwenye stendi ya katikati, chini, katikati ya spoketi mbili, kwa kuisukuma kwa kidole. Usipime mahali pamoja ukaridhika. Zungusha gurudumu robo robo, maana cheni haichakai sawasawa, na pana sehemu moja iliyobana kuliko nyingine. Kipimo cha kitabu kifuatwe pale palipobana. Ukikifuata palipolegea, sehemu iliyobana itavuta beringi za gia boksi kila ikipita. Osha kwa mafuta ya taa na brashi laini, ukaushe, kisha utie oili upande wa ndani ili mzunguko wenyewe uisukume kwenye vipingili. Petroli iache, hula mpira unaoziba grisi ndani ya cheni.

Halafu magurudumu. Matoleo mengi yana rimu za spoku, inchi 19 mbele na 18 nyuma, na spoku zina maana ya tyubu ndani. Spoku iliyolegea hujitangaza ukiigonga kwa spana: zilizokazwa hulia kwa sauti nyembamba, zinazofanana, na iliyolegea hutoa mlio mzito uliokufa. Moja ikilegea, jirani zake hubeba mzigo wake, nazo zinafuata. Tyubu nayo ina adabu yake, kwa sababu pancha ya nyuma haitibiki kwa kuchomeka utambi wa mpira kwa nje. Lazima gurudumu litoke. Hiyo ni nusu saa ya kazi kwa mwenye spana za saizi inayofaa, na adhabu ya jioni nzima kwa asiyenazo. Lakini gurudumu likiwa limetoka, spoketi ya nyuma iko wazi machoni, na meno yaliyochongoka kuelekea upande mmoja huonekana. Beringi huzungushwa kwa kidole, na zikikwaruza utazisikia, pedi za breki zinatazamwa unene, na kirekebishio cha cheni kinapakwa grisi kabla hakijashikana kwa kutu. Mafundi wa pancha huwa na haraka ya kulirudisha, na wanalipwa kwa kuwahi. Mwambie asubiri, na umpe kitambaa.