Mizani ya Ujiji Katika Kalamu ya Mpira

Anayetafuta walimu wa mwandishi wa habari za michezo huanza na watangazaji. Ni haki. Ahmed Jongo na Charles Hilary, waliotangaza mpira Radio Tanzania Dar es Salaam, waliwafunza wengi namna ya kumwonesha msikilizaji asichokiona. Kijana wa Kigoma, mwisho wa reli, aliutazama mchezo kwa sikio.

Lakini Ujiji ina mwalimu mwingine, naye sifa yake haikutokana na mpira. Saadani Abdu Kandoro alizaliwa huko mwaka 1926, akawa miongoni mwa waasisi wa TANU mwaka 1954, akatoa *Mwito wa Uhuru* mwaka 1961 na *Mashairi ya Saadani* mwaka 1972. Kandoro ni malenga wa tukio. Shairi lake la siafu, la zama za kudai uhuru, halikuhitaji mfasiri: waliolisikia walijua siafu ni nani na nyoka ni nani.

Somo lake la kwanza ni uteuzi. Mshororo wa mizani kumi na sita hauna nafasi ya porojo, kama isivyo nayo safu ya gazeti. La pili ni jina. Tangu *Mambo Leo*, lililoanza mwaka 1923, watunzi wa magazetini walijulikana kwa lakabu. Na Sunday Manara alipoitwa Kompyuta, neno moja lilibeba hukumu nzima ya uchezaji wake.

Kalamu nyingi za michezo leo zimerithi maneno, hazikurithi jicho. “Patashika”, “mtanange” na “nyasi kuwaka moto” zilikuwa sitiari hai. Sasa ni sarafu zilizochakaa, hazionekani tena sura.

Pima kwa fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam, iliyochezwa Uwanja wa Lake Tanganyika, Kigoma, tarehe 25 Julai 2021. Simba waliifunga Yanga 1–0. Yanga walikuwa pungufu baada ya Mukoko Tonombe kutolewa kwa kadi nyekundu, na bao likatiwa kwa kichwa na Thadeo Lwanga, kiungo mkabaji. Aliyewekwa kuzuia ndiye aliyefunga. Kinaya hicho chatosha ubeti, na chatosha aya ya kwanza ya habari. Nyasi hazina haja ya kuwaka.

Hata hivyo Kandoro si wa kufuatwa kwa kila hatua. Alikuwa mtu wa upande, na ushairi wake ulikuwa silaha ya upande huo. Katika kudai uhuru, hiyo ilikuwa fahari. Katika habari za Simba na Yanga, ni ushabiki. Atakayefaidika naye ni yule atakayechukua jicho lake na mizani yake, kisha akamwacha nyoka awe nyoka hata akivaa jezi aipendayo mwandishi.